Jaruba la Nne

Mwezi wa tisa, Mchinga, chumvi imeanza kushika.
Naingia na reki kabla jua halijakomaa,
nasimama.

Usiku mtu kachora.
Pembe tano hapa, sita pale, saba kule palipobonyea,
vyumba na vyumba, kuta zimenyanyuka kimo cha ukucha,
kila chumba upana wa ungo.
Nyayo hakuna. Hata za kunguru.

Bakiri kasema ni watoto wa shule.
Mfaume kasema ni majini, akacheka,
kisha akaacha kucheka.

Mimi sikusema. Ninayajua haya kwa miguu:
jua hunywa maji, chumvi hailiwezi koo lake.
Maji ya juu hubaki mazito, yanataka kushuka;
ya chini, mepesi, yanataka kupanda;
na njia ni hiyo hiyo moja.
Yakikabiliana uso kwa uso hakuna litakalopita.
Basi hupishana: haya hupanda katikati,
yale hushukia pembeni,
na pembeni kwa huyu ndiko pembeni kwa jirani,
na hapo wanaposhukia pamoja
chumvi huachwa, kama viatu mlangoni.

Hakuna aliyeamuru.
Nenda kwa Bi Mwajibu anayekaanga mihogo stendi,
chungulia karai lake kwa ubavu
kabla hajatumbukiza kipande cha kwanza:
mafuta yamekwisha kujijengea vijumba,
na yeye amegeuka, anatafuta chenji.

Jaruba la pili, mwaka huu, hatukulifungulia maji.
Lilikuwa jipya, tope laini, likakauka.
Ufa wa kwanza ulikwenda ulikotaka.
Ufa wa pili ukaja, ukaukuta wa kwanza,
ukagota hapo, wima,
msalaba uliokatwa kichwa.
Wa tatu ukachukua kilichobaki.

Nami nikamkumbuka Bakiri na kamba ya katani,
arobaini ya baba hata haijaisha,
akiivuta toka mikokoni hadi barabarani.
Mfaume akavuta yake, ikagota kwenye ya Bakiri.
Pembe iliyobaki, yenye dimbwi lisilokauka,
wakasema: Sikudhani, hii yako.
Mtendaji akaandika. Kalamu ikakata wino kwenye jina langu,
akaandika tena.

Lakini jaruba la nne ni kongwe.
Baba alilichimba kabla sijaota meno.
Limelowa likakauka, limelowa likakauka,
na kila linapopasuka, ufa hurudi njia ile ile,
ila si ile ile kabisa:
pale panapogota, ukingo humeguka kidogo,
ufa uliotangulia hupinda kidogo,
msimu baada ya msimu, mpaka siku moja
hakuna wa kwanza tena.
Nyufa tatu hukutana kama njia tatu kisimani,
kila moja imewaachia wenzake nafasi sawa.

Usiniambie tope lina huruma.
Halina. Limevutwa kila upande kwa nguvu moja
mpaka likachoka kupendelea.

Jana Bakiri alikuja tena na kamba.
Anasema baba alikosea hatua nane,
au nilikosea mimi, au mtendaji.
Akasimama katikati ya vile vyumba, anapiga hesabu,
kisigino chake kikavunja ukuta. Krr.
Akatazama chini.
Akauliza, "Nani kapima haya?"
Nikamwambia, "Maji."
Akatafuta pa kukanyaga, hakupata,
akabaki kama aliyeingia msikitini na viatu,
kamba mkononi, ncha yake ikiloana.

Leo asubuhi ule ukuta umesimama tena.
Haukurudi palepale. Umesogea
kama shibiri moja, kwake au kwangu.

Sikupima.
Nimeshika reki, chumvi inangoja,
na gunia la kwanza bado halina kitu.